Fortingall, Uskoti: kuna kingine zaidi ya ule mti?

Mkuu, umeuliza kama kijiji cha Fortingall kuna cha kuona zaidi ya ule mti. Kipo, ila mti wenyewe usiupite juu juu. Ni mti wa yew (mti wa jamii ya misonobari, unaoishi miaka mingi sana) uani mwa kanisa, wengi wanaukadiria miaka 2,000 hadi 3,000. Mwaka 1769 shina lilipimwa mzunguko wa mita 16 hivi. Wageni wakalimega vipande vya kumbukumbu, leo ni vigogo vilivyoachana, vimezungushiwa ukuta. Ni dume, na kwa yew matunda huzaliwa na mti jike, lakini 2015 tawi moja lilionekana na matunda mekundu! Habari za Pontio Pilato kuzaliwa pale ni porojo. Kisha tazama nyumba za kuezekwa kwa matete: alizijengesha Donald Currie, tajiri ambaye kampuni yake ilizaa Union-Castle, zile meli zilizokuwa zikitia nanga Mombasa.