Pombe ya Mtama Huulizwa Siku Yake: Majibu kwa Wasomaji Wanaokwenda Mwanza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Dodoma, na mwezi ujao tutakuwa Mwanza Jumamosi na Jumapili. Bia za chupa tumezizoea. Safari hii tungependa kuonja pombe inayopikwa na wenyeji, huku tukiitazama nchi ya ziwa. Wifi yangu, ambaye hanywi kileo, atafuatana nasi. Tutaitambuaje pombe nzuri, na tutajihadharije na mbaya?
*Msomaji wa Dodoma*

JIBU: Ndugu msomaji, bia ya chupa huchujwa na kupashwa moto kiwandani ili uchachu ukome, ndiyo maana inaweza kukaa dukani kwa miezi. Pombe ya mtama hunywewa ingali inachachuka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni wapi inauzwa, ulizeni imepikwa lini na imeiva lini.

Mpishi huloweka mtama, akautandaza chini ya gunia lenye unyevu hadi uote, kisha akauanika juani na kuusaga. Huo ndio kimea. Unga mwingine hupikwa uji mzito, na ukishapoa huchanganywa na kimea, ambacho hugeuza wanga kuwa sukari. Hamira, ambayo mara nyingi hutoka kwenye kimea chenyewe au kwenye chombo kilichotumika kwa pombe iliyotangulia, huigeuza sukari hiyo kuwa kileo, na wakati huohuo bakteria wale wanaochachusha maziwa huipa pombe ukali wake. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, lakini ikishaiva haingoji: kwa joto la Mwanza, pombe iliyokuwa tamu jana jioni inaweza kuwa imeelekea siki kesho asubuhi. Mimi naiheshimu sana kazi hii, kwa kuwa mpishi hana kipimajoto wala maabara, naye hutegemea pua, ulimi na kumbukumbu ya mikono yake.

Mkiletewa, msiinywe kwa haraka. Iangalieni kwanza: viputo vidogo viwe vinapanda juu polepole, na rangi iwe ya uji wa mtama, nzito isiyopenya mwanga. Harufu yake iwe ya nafaka na uchachu safi. Ikinuka siki kali, uvundo au rangi ya kucha, irudisheni kwa adabu. Ikorogeni kabla ya kunywa, kwa sababu machicha hutuama chini na mtu asiyekoroga huambulia maji machungu ya juu. Funda la kwanza litawashtua kwa ukali wake. La pili ndilo litakaloonyesha ladha ya mtama. Katika vilabu vingi kopo moja huzunguka kwa watu kadhaa, nanyi mnaweza kuomba glasi zenu bila kumuudhi mtu. Kileo chake kwa kawaida ni kidogo kuliko cha bia ya chupa, lakini kwa kuwa hushibisha kama chakula na hunywewa kwa wingi, humlewesha mgeni kabla hajatambua. Kuleni kwanza, sato wa kuchoma kwa ugali anatosha kabisa.

Wifi yako aombe togwa, inayotokana na nafaka na kimea hivyohivyo. Hata hivyo naye aulize siku, maana togwa iliyolala huanza kuwa na kileo.

Kuhusu matembezi, Jumamosi asubuhi nendeni Bujora, Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, mkaone makumbusho ya Wasukuma na ngoma za watemi wao. Alasiri ndiyo saa ya kilabu. Mwombeni mwenyeji mnayemwamini awapeleke, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni mama yupi amepika juma hilo. Jioni, Capri Point, jua linapozama nyuma ya miamba. Jumapili ningechagua kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo karibu kabisa na mji, badala ya Ukerewe, ambako meli huchukua saa kadhaa kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ukerewe inastahili safari yake yenyewe. Atakayeendesha gari asionje hata kidogo.

Gongo, pombe kali inayokenekwa kienyeji, msiiguse. Imepigwa marufuku kwa sheria, na mnywaji hana njia ya kujua kwa macho wala kwa ulimi kama ina methanoli, sumu inayoweza kupofusha na kuua. Mtu aliyeinywa akilalamika kwamba haoni vizuri, au tumbo linamkata saa kadhaa baadaye, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anadai ni uchovu wa pombe tu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nitapanda meli ya Mwanza kwenda Bukoba. Je, naweza kumletea baba yangu rubisi nikirudi?
*Msomaji wa Igoma, Mwanza*

JIBU: Unaweza, ila usiifunge kwenye chupa ya kioo. Rubisi hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazokamuliwa pamoja na nyasi, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa usiku kucha katika mtumbwi wa mbao uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Inapouzwa bado inatoa gesi, na chupa iliyobanwa inaweza kupasuka mikononi mwako. Inunue siku ileile ya kupanda meli, uitie katika dumu safi la plastiki usilolijaza, ulegeze kifuniko na kuliweka wima kivulini. Ukifika asubuhi, mpelekee mzee moja kwa moja kutoka bandarini, kwa sababu ikifika jioni itakuwa imekwisha kuwa kali.