Ruzuku ya utafiti wa saikolojia ukiwa shahada ya kwanza: uombe wapi, bajeti uiandikeje

SWALI: Nasoma saikolojia mwaka wa pili wa shahada ya kwanza Marekani, kwa viza ya F-1. Profesa amekubali kunisimamia kwenye utafiti wa kumbukumbu, ila hana fungu la kunipa. Niombe wapi, na bajeti niiandikeje?

JIBU: Anzia chuoni. Ulizia idara yako na ofisi ya utafiti wa wanafunzi; huko unashindana na wenzako wa chuo kimoja tu. Baada ya hapo, angalia kama chuo kina tawi la Psi Chi, jumuiya ya heshima ya saikolojia iliyoanzishwa 1929. Inatoa ruzuku za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, lakini lazima uwe mwanachama, kwa hiyo shughulikia uanachama mapema.

Mpango wa REU (uzoefu wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) wa NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, utausikia sana, kwa kuwa hulipa posho ya utafiti wa kiangazi. Kwa viza yako, posho hiyo huipati: ni ya raia na wakazi wa kudumu. Nyongeza ya REU ambayo profesa huweza kuiombea ruzuku yake ya NSF ina sharti hilohilo. Njia iliyo wazi ni kuajiriwa chuoni kama msaidizi wake wa utafiti, akipata fungu la mshahara, usizidishe saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ithibitishe kabla hujaanza.

Sasa bajeti, ambako maombi mengi mazuri huharibikia. Ukiandika “washiriki: dola 600”, msomaji hajui umeitoa wapi. Idadi ya washiriki itoke kwenye hesabu ya nguvu ya takwimu, yaani uwezekano wa utafiti kugundua tofauti ambayo kweli ipo. Tuseme unalinganisha makundi mawili kwa jaribio la t la pande mbili, unatarajia tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5, yaani nusu ya mchepuko sanifu), alfa (hatari ya kudai tofauti isiyokuwepo) 0.05 na nguvu 0.80: unahitaji watu 64 kila kundi, jumla 128. Ukikadiria kuwa 15% ya data itatupwa, gawa 128 kwa 0.85, unapata 151. Kila mmoja akilipwa dola 4 kwa dakika 20, ni dola 604. Ada ya jukwaa la kuwapata washiriki iwe mstari wake peke yake. Tahadhari na hiyo d. Ikishuka hadi 0.3, unahitaji watu 176 kila kundi, na hela hazitoshi tena. Ukigundua hivyo, badilisha muundo kila mshiriki apimwe katika hali zote mbili, usipunguze watu kimyakimya.

Soma pia orodha ya visivyolipiwa. Kompyuta na nauli ya mkutano mara nyingi havimo.

Barua ya msimamizi nayo ina uzito. Mwombe wiki nne kabla, umpe rasimu ya andiko na bajeti. Barua inayosema “ni mwanafunzi mwenye bidii” haisaidii. Itaje mtakutana mara ngapi, kazi ipi utaifanya mwenyewe, na vifaa gani vya maabara utatumia bure.

Kibali cha kamati ya maadili kianze kushughulikiwa sambamba na andiko. Hata utafiti wa dodoso jepesi hauanzi mpaka kamati iamue, na data uliyokusanya kabla ya hapo huwezi kuitumia.