Sushi Haitaki Kungojewa: Ushauri kwa Anayekwenda Kula Kaunta

Kwenye mgahawa mzuri wa sushi macho ya wageni huenda kwa samaki. Mpishi mwenyewe anahangaika zaidi na wali. Sushi kwa kweli ni wali uliotiwa siki; samaki mbichi akiletwa peke yake, bila wali, huitwa sashimi. Wali huo huchanganywa na siki, sukari na chumvi ukiwa bado wa moto, hugeuzwa kwa mwiko taratibu ili punje zisipondeke, kisha huachwa ushuke hadi karibu na joto la mwili wa binadamu. Katika joto hilo tonge linashikana vidoleni na kuachana lenyewe mdomoni. Likipoa, punje hukakamaa, na hata samaki wa bei ghali hawezi kuliokoa.

Ndiyo maana, nafasi ikiwepo, kaa kaunta, yaani kwenye meza ndefu iliyo mbele ya mpishi. Ukikaa mezani utaletewa sinia la vipande vinane kwa mpigo, na ukifika cha nane mkiwa katikati ya mazungumzo, kimeshapoa. Kaunta unapewa kimoja kimoja, na kila kimoja kinatakiwa kuliwa mara kinapowekwa mbele yako. Piga picha moja ya haraka kama ni lazima, halafu ule.

Kaunta nyingi zina viti vichache, mara nyingi havizidi kumi na viwili, kwa hiyo weka nafasi mapema na ufike kwa wakati. Mizio itajwe siku ya kuweka nafasi, kwa sababu mpishi ananunua samaki kulingana na wageni wake. Kumbuka kwamba mchuzi wa soya wa kawaida una ngano. Asiyetumia kilevi naye aseme mapema: sake, yaani pombe ya mchele, na mirini, ambayo ni pombe tamu ya mchele, huingia kwenye mchuzi wa kupaka juu ya samaki na kwenye mchuzi mzito wa mkunga. Na usijipulizie manukato. Harufu ya samaki mweupe ni nyepesi mno, na marashi yako yanamharibia hata jirani.

Ukiona neno omakase, maana yake unamwachia mpishi achague. Uliza bei na idadi ya vipande kabla ya kukaa. Si aibu hata kidogo. Ukiagiza mwenyewe, anza na samaki weupe na ngisi, nenda kwa jodari mwekundu asiye na mafuta, ambaye huitwa akami, kisha chutoro mwenye mafuta kiasi, halafu otoro, nyama ya tumboni yenye mafuta mengi kuliko zote. Mkunga na yai tamu huja mwishoni. Mafuta ya otoro hutanda kwenye ulimi, na ukianza nayo, samaki mweupe kama gayogayo atakayefuata utamwona hana ladha. Tangawizi iliyotiwa siki ni ya kusafisha kinywa kati ya samaki mmoja na mwingine. Usiitandaze juu ya sushi.

Mkono unaruhusiwa, na kwa nigiri, yaani tonge lenye kipande cha samaki juu, naona ndio njia bora. Futa vidole kwa kitambaa cha moto ulichopewa. Shika tonge ubavuni kwa kidole gumba na vidole viwili, lilaze upande, kisha gusisha ncha ya samaki kwenye mchuzi wa soya. Ukichovya upande wa wali, punje zitafyonza mchuzi, tonge litamegeka, na utabaki ukiokota wali kwenye kisahani. Kwa sushi iliyozungushiwa mwani na kujazwa mayai ya samaki juu, chovya kipande cha tangawizi kwenye soya ukipake juu kama brashi. Nigiri inayong'aa imeshapakwa mchuzi na mpishi, haihitaji kuchovywa tena. Kila kipande huliwa chote kwa mara moja. Kikikuzidi mdomo, mwombe mpishi apunguze wali. Ataelewa mara moja.

Sushi iliyokunjwa kwa mkono kama koni ndiyo yenye haraka kuliko zote. Mwani wake ni mkavu na unavunjika kwa mlio, lakini unyevu wa wali huulegeza ndani ya dakika moja au mbili, na baada ya hapo utautafuna kama ngozi.

Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, ikiwa halisi ni shina la mmea linalosagwa papo hapo. Ina nyuzinyuzi kidogo, na harufu yake hupotea ndani ya kama robo saa. Ile laini ya kijani kikali kwa kawaida hutengenezwa kwa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi. Iwe ipi, usiikoroge kwenye soya: mpishi ameshaweka kiasi chake kati ya wali na samaki, na ukitaka zaidi, gusa kidogo juu ya samaki.

Wengi huogopa wakisikia samaki aliwahi kugandishwa. Hofu hiyo imekaa upande usio wake. Samaki wa porini, samoni hasa, anaweza kuwa na minyoo, na kugandisha ndiko kunakoiua. Mwongozo wa Marekani unataja nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Bakteria haziuawi kwa kugandisha, kwa hiyo usafi na baridi ya kabati la kaunta bado ni muhimu. Samaki anayenuka shombo mrudishe bila kusita. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu waombe vilivyopikwa: mkunga, kamba wa kuchemsha, yai.

Shibe ikikaribia, mwambie mpishi vikiwa vimebaki vipande viwili au vitatu, kabla hajamkata samaki. Akikuuliza mwishoni kama ungependa kuongeza, ujue nyongeza hiyo kwa kawaida inalipiwa nje ya bei ya omakase.