Mchaichai ulinikesha, na kosa lilikuwa langu

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, "wiki nzima nakunywa mchaichai na bado saa nane usiku macho makavu, hii kitu uongo". Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka miwili nyuma.

Kipindi kile nilipunguzwa kazini. Sitaki kueleza sana, ila bosi yule mkewe alipojifungua mimi ndo nilipika pilau, basi tu. Usiku moyo unaenda mbio, nahesabu kodi, ada, madeni, mpaka adhana ya alfajiri. Mama akapiga simu toka Muheza, chemsha mchaichai. Nikachuma kwa jirani nikatupia kwenye sufuria pamoja na majani ya chai vijiko viwili, tangawizi, sukari ya kutosha, kama tunavyopika asubuhi, nikanywa vikombe viwili saa nne usiku. Usingizi utoke wapi hapo? Wifi yangu akaandika kwenye grupu la familia "mganga hajigangi", na watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Sijasahau.

Nilivyoenda Muheza ndo nikaona mama hatii majani ya chai kabisa. Anakata mchaichai majani sita hivi (angalia vidole, yanachana kama wembe), anayafunga fundo, anaponda lile shina jeupe, anatia maji yakishachemka anafunika dakika kumi. Yanatoka rangi ya manjano ya kijani, sio nyekundu. Anakunywa baada ya magharibi ili usiku asiamke kwenda chooni. Kafeini, ile kitu inayofukuza usingizi, iko kwenye majani ya chai jamani, mchaichai hauna, na baada ya masaa matano karibu nusu ya kafeini hiyo bado inazunguka mwilini.

Sasa niwe mkweli, Brazil nao wanaunywa kwa ajili ya usingizi, na mwaka 1986 watafiti wa huko waliwapima watu hawakuona unalaza wala kuondoa wasiwasi. Sibishani nao. Mimi kilichonisaidia naona ni kuacha chai ya rangi jioni na kukaa kibarazani na kikombe cha moto, simu ndani. Lakini nyie mnakunywa soda za kuongeza nguvu saa moja usiku, mnaperuzi mpaka saa saba, halafu mnalaumu majani! Badilikeni. Mjamzito au uko kwenye dawa, muulize daktari kwanza, na ukikesha wiki kadhaa nenda hospitali, usijitibu kwa sufuria.

Wifi mwezi uliopita kaomba shina la kupanda. Nimempa. Moja.