Mapambo ya Krismasi: lini yashuke, na mti usubiri nini

Mbeya na Iringa ziko nyumba zinazovua mapambo siku ya Mwaka Mpya, na ziko zinazoyaacha hadi watoto wafungue shule. Kwa mapokeo ya kanisa, Januari 1 ni mapema mno. Krismasi ina siku 12. Ukianza kuhesabu Desemba 25 yenyewe, ya 12 ni Januari 5. Ukianza 26, unaangukia Januari 6, Epifania, sikukuu ya Mamajusi. Ndiyo maana wengine hushusha jioni ya tarehe 5 na wengine tarehe 6. Hakuna sababu ya kugombana.

Wakatoliki hufunga kipindi cha Noeli kwa Ubatizo wa Bwana, kwa kawaida Jumapili inayofuata Tokeo la Bwana, yaani Epifania. Mwaka 2027 itakuwa Januari 10, na pango la Mtoto Yesu libaki mpaka hapo. Wachache hulifikisha Februari 2, Bwana alipotolewa hekaluni, siku ya 40. Nyota ya Kimoravian, ile yenye ncha nyingi, hutundikwa kuanzia Majilio na kushushwa Epifania.

Mti ndio hausubiri. Msindano, yaani msonobari, uliokatwa Desemba 20 na kuchomekwa kwenye ndoo ya mchanga mkavu utakuwa umekauka kabla ya Mamajusi. Utomvu huziba mkato, maji hayapandi. Kata upya kitako, sentimita 2 hivi, uuweke kwenye maji papo hapo na uongeze maji kila siku. Kuupima, bana kijitawi kwa vidole uvute kuelekea nchani. Zikidondoka sindano mbili tatu, sawa. Zikijaa kiganjani, au kijitawi kikivunjika badala ya kupinda, utoe leo hata kama ni Desemba 29. Pango na nyota vibaki. Msindano mkavu hushika moto upesi mno, na waya za taa za bei rahisi hupata joto kwenye viungio.

Siku ya kushusha, chomoa taa kwenye umeme kwanza, kisha tandika shuka kuukuu chini ya mti. Vua mapambo, halafu taa. Zizungushie kwenye kipande cha boksi chenye upana wa viganja viwili. Ukizifinyanga ndani ya mfuko, mwakani utavuta waya na utakatika ndani kwa ndani. Kwa kuwa balbu zimeunganishwa kwa mfululizo, upande mzima utazima. Selotepu ivute taratibu, ikilala sambamba na ukuta. Ukiivuta kuja kwako, inatoka na rangi.

Januari huku ni mvua, kwa hiyo adui mkubwa ni ukungu. Maputo tupa. Minyororo ya karatasi isubiri siku ya jua ianikwe, ndipo iingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ambayo panya haitoboi kirahisi kama boksi. Tia ndani kijimfuko cha kitambaa chenye mkaa mkavu kinyonye unyevu. Ndoo ikae juu ya kabati, isiguse ukuta.

Mti wenyewe usiuingize kwenye jiko la ndani. Utomvu wake hutoa moshi mweusi na masizi. Ukatekate, utandaze chini ya miparachichi, mbali kidogo na shina.