Shangazi, je, namwabudu paka wangu?

*Shangazi, shikamoo. Nina paka wa miaka 15. Figo zake zimechoka, macho yamefifia, na usiku huamka kumpa maji na dawa. Anapoegemeza kichwa kiganjani mwangu na kukoroma taratibu, namhisi Mungu karibu kuliko ninapopiga magoti kusali. Kaka yangu, mzee wa kanisa, anasema namwabudu mnyama. Tumenuniana tangu hapo. Je, natenda dhambi?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza.

Sioni ibada ya sanamu hapa. Anayeabudu sanamu huitaka impe kitu: mvua, mali, ushindi. Wewe huna unachomwomba paka. Unakatisha usingizi kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kukulipa wala kukusifu mbele za watu.

Soma 2 Samweli 12. Nabii Nathani alipokwenda kumkemea Daudi, alianza na habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tajiri akamchukua, akamchinjia mgeni. Daudi akawaka hasira. Nathani hakumcheka yule maskini, wala hakusema amepotoka kwa kumlaza mnyama kifuani. Naamini alijua kwamba mapenzi ya namna ile ndiyo yangemgusa mfalme ambaye karipio tupu lisingemgusa. Hata kitabu cha Yona kinaishia na Mungu akiuhurumia Ninawi, watu wake na wanyama wake wengi.

Basi usiilazimishe sala iliyokauka. Sali hapo hapo ulipo, mkono ukiwa mgongoni mwa paka, hata kama huna la kusema. Unachokihisi pale ni shukrani, na shukrani ni sala.

Ila kwa kaka yako sikuungi mkono. Mtu anayeamka saa tisa usiku kwa ajili ya paka hashindwi kumpigia simu ndugu yake. Usimpelekee aya za kumshinda. Mwite nyumbani saa ya dawa, amshike paka wakati wewe unamfungua mdomo.

Halafu muulize daktari wa mifugo waziwazi kama paka ana maumivu, maana huenda ikafika siku ambayo kumpenda kutakuwa kumwacha aondoke. Siku hiyo usiwe peke yako. Mwambie kaka mapema, na ukilia, lia mbele yake.