Yule pacha wa mkono wa kushoto si Shetani

Wadogo zangu mliofika Syracuse, New York, juzi mkatupwa moja kwa moja darasa la kumi na moja: hadithi za Wairokwa, wenyeji wa asili wa huku, zinakuja mapema kwenye Kiingereza, na insha yake inazifuata nyuma. Nimesahihisha rasimu zenu, na jamani, nimechoka kwa upendo. Makosa ni yale yale yetu, mnarithishana kama sare za shule kule kambi ya wakimbizi.

1. Acheni kukimbilia Google. Ukitafuta Hiawatha, kinachotangulia ni shairi refu la Longfellow la 1855. Yeye alichota hadithi za Waojibwe wa upande wa Ziwa Superior, akambandika shujaa wao jina la mtu wa huku. Hiawatha wenu ni yule aliyefiwa na mabinti zake, akatangatanga na msiba wake hadi akakutana na Mpatanishi, yule aliyepatanisha mataifa yao yaliyokuwa yakipigana. Wakamwendea Tadodaho, kiongozi wa taifa la Onondaga, mtu katili aliyejaa nyoka kichwani, na badala ya kumuua wakamchana zile nyoka nyweleni. Silaha zikazikwa chini ya msonobari. Hayo yanasimuliwa hapa hapa, kwenye Ziwa Onondaga, lile mnalolipita kila mkienda kwenye maduka ya Destiny kutazama viatu msivyonunua.

2. Kiingereza hakina -ka-. Kwetu hadithi, hata hii yao ya dunia ilivyoanza, inateremka yenyewe: mti uling'olewa mbinguni, mwanamke akaanguka kwenye tundu, ndege wakamdaka, kobe akatoa mgongo, panya wa majini akazamia kuleta tope. Ukiihamisha hivyo hivyo unapata "and then" kumi kwenye aya moja. Halafu mwalimu anataka wakati uliopo: Sky Woman falls, si fell. Ukishaanza nao, usiuache njiani.

3. He na she. "Yeye" yetu haijali mume wala mke, kwa hiyo Mwanamke wa Mbinguni anaanza vizuri, akifika aya ya tatu ameshakuwa mwanamume, na kwa mmoja wenu kobe ndiye aliyezaa mapacha. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliyewazaa ni binti wa Mwanamke wa Mbinguni, naye akafa katika uzazi huo, na mwilini mwake yakaota mahindi, maharage na maboga. Mwanamke wa Mbinguni ni bibi ya mapacha. Someni kwa sauti, kidole kwenye kila kiwakilishi. Tena lugha za Wairokwa wenyewe zingetufaa zaidi: kitenzi cha Kimohawk, mojawapo ya lugha hizo, hubeba mtenda na mtendwa ndani ya neno moja, kama "nilimwona" yetu. Ila mtihani hauji kwa Kimohawk.

4. Mapacha. Hapa ndipo nilipoungua mimi. Kwenye masimulizi tunayosoma, wa mkono wa kulia anaumba kulungu, wa kushoto anaumba simba wa milimani wa kumla. Huyu analeta matunda, yule miiba na sumu. Mimi mtoto wa mzee wa kanisa nikaona hii mbona naijua: Mungu na Shetani. Nikajaza kurasa. Nikamwingiza nyoka wa Edeni. Nikahitimisha, Bwana anisamehe, kwamba watu hawa walikuwa wakiingojea Injili bila kujua.

Mwalimu akasema tubadilishane karatasi na jirani. Jirani yangu alikuwa anatoka Onondaga, ile ile ya kwenye kitabu, wanakokaa hadi leo kusini mwa mji. Akasoma yote bila kuinua kichwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo usiku wako umeutupa wapi?" Sikuelewa. Akafungua kitabu akaniwekea kidole: pacha wa kushoto anashindwa vita na kusukumwa nje ya ukingo wa dunia, lakini hafi. Usiku unakuwa wake, mchana unabaki wa ndugu yake. Na kulungu wasipoliwa wanajaa mpaka wakose malisho. Angenikasirikia ningepumua. Alinirudishia karatasi, akaomba kalamu, akaendelea na kazi yake, nami nikakaa na ile sentensi ya Injili mbele ya macho mpaka kengele. Mwalimu naye aliandika pembeni swali moja tu: hili liko wapi kwenye matini?

Basi ukiona mkono wako unaandika "evil twin", simama. Andika kuhusu mizani, na unukuu mstari unaoionyesha.

5. Mengine haraka. Wairokwa wenyewe hujiita Haudenosaunee, tumieni hilo. Mataifa yalikuwa matano: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Tuscarora wakaingia 1722, yakawa sita, kwa hiyo angalia unaandika kuhusu mwaka gani. Jina halisi la Mpatanishi wengi wao hawalitaji ovyo, andika the Peacemaker utoshe. Koma inaingia ndani ya alama za kunukuu, hata kama macho yako yanakataa. Na rasimu nileteeni siku tatu kabla, si saa nne usiku kwa WhatsApp mkiwa mmepiga picha karatasi gizani.